Mafuta Juu ya Mafuta

Pikipiki ya kijiji ilizimika mara ya kwanza hata kabla milima ya Vidunda haijapotea nyuma. Ilikohoa, ikatoa moshi mzito wa buluu, ikasita, kisha ikanyamaza katikati ya nyasi zilizompita mtu mzima kimo. Sikuzani aliweka miguu yote miwili chini kwa nguvu ili isianguke, maana nyuma yake, amefungwa naye kiunoni kwa kanga mbili, alikuwa wifi yake Raheli, na Raheli alikuwa ameumwa na kifutu alfajiri ile.

"Tumefika?" Raheli aliuliza, macho ameyafumba.

"Hatujafika. Imezimika."

"Nilijua," Raheli akasema, na akafumbua macho ili aonekane kwamba alijua.

Kifutu ni nyoka mvivu. Wenzake wakisikia hatua za mtu hukimbia, yeye hujilaza njiani akangoja akanyagwe. Raheli alimkanyaga akielekea shamba la ujamaa kabla kengele haijapigwa, na kufikia jua kuchomoza kifundo cha mguu wake wa kushoto kilikuwa hakionekani tena. Mganga msaidizi wa zahanati ya kijiji chetu cha Tuinuane aliutazama mguu ule bila kuugusa. Akasema dawa yake haipo pale, ipo hospitali ya Kilosa, na watu wasithubutu kumfunga kamba. "Uvimbe ukiwa chini ya goti, muda upo," alisema. "Ukipita goti, muombe Mungu. Ukifika nyongani, mtakuwa mmenirudishia maiti."

Barabara ya Kilosa inayopitia kijiji cha Ulaya ilikuwa chini ya maji, daraja limefunikwa. Reli ya Kidatu nayo ilikuwa imezama, na treni haijasikika kwa siku kadhaa. Ndiyo masika ya mwaka wa pili tangu tuhamishiwe kijijini, masika ambayo watu bado wanayataja. Njia iliyobaki ni ile ya wafugaji, inayokatiza mbuga kuelekea kaskazini, na chombo kilichobaki ni pikipiki.

Pikipiki yenyewe aliiacha Mgiriki mmoja wa mashamba ya mkonge alipofunga virago. Ikawa mali ya kijiji, na kwa kuwa ni mali ya kijiji kila mwanamume akaona ana haki ya kuijaribu. Mmoja aliiingiza kwenye tanuri la matofali. Mwingine aliipeleka hadi kisimani, ikabidi watolewe wote wawili kwa kamba. Ndipo ikajulikana kwamba mke wa mwenyekiti wetu Nikolaus, Sikuzani, mzaliwa wa Kimamba, baba yake alikuwa fundi wa mashine za mkonge, na yeye amekua akimshikia baba yake spana. Akakabidhiwa. Wengi walifurahi. Raheli, dada wa mwenyekiti, hakufurahi hata chembe. Alisema mbele ya akina mama wote pale mtoni kwamba mwanamke anayekalia chuma atazaa misumari. Sikuzani alikuwa hajapata mtoto, na maneno yale yalimkaa rohoni kama mfupa wa samaki kooni.

Sasa alikuwa amembeba mgongoni.

Alimfungua kanga, akamshusha taratibu, akamlaza chini ya mgunga wenye kivuli cha kubahatisha. Mguu ulikuwa umevimba hadi katikati ya muundi, ngozi imevutika na kung'aa. Akafungua mkoba wa vyombo. Ndani mlikuwa na spana ya plagi, brashi ya waya, kipande cha msasa, mpira mfupi na plagi ya akiba ambayo kauri yake ilikuwa na ufa, ya kutumainiwa pale tu ambapo tumaini lingine limekwisha. Ubavuni mwa pikipiki ilifungwa galoni ya bati yenye petroli tupu, isiyochanganywa na kitu.

Hapa inabidi nieleze jambo moja, nalo ni jepesi. Injini ya aina ile haina mahali pake pa kuwekea oili. Oili inachanganywa humo humo kwenye petroli, kikombe kimoja kwa tangi. Ukiitilia petroli tupu, chuma kitasagana na chuma, pistoni itaganda ndani ya silinda, na hapo umebaki na kigoda cha kukalia. Ndiyo maana ile galoni ilikuwa ya safari ya kurudi, ikisubiri kuchanganywa huko huko Kilosa.

Alichomoa waya, akaifungua plagi. Ilitoka nyeusi, imelowa, inanata. Akaiosha kwa petroli kidogo ya galoni, akaisugua kwa brashi hadi ncha yake ikaonyesha rangi ya chuma. Akairudisha kwenye waya bila kuifunga, akailaza juu ya silinda, akapiga kiki kwa mkono. Cheche ndogo ya buluu ikaruka. Akashukuru, akaifunga, akamfunga tena Raheli mgongoni. Kiki ya tatu ikawaka.

Walikwenda vizuri. Njia ilikuwa mapito ya ng'ombe, udongo mweusi unaong'ang'ania tairi, na mara mbili ilimbidi ateremshe miguu asukume nayo huku gia ya kwanza ikinguruma. Vilima vya magharibi viliwakaa mkono wa kushoto. Hiyo ndiyo ilikuwa dira yake yote: vilima visitoke kushoto. Mbung'o waliwafuata, wakiuma hata juu ya nguo, na mikono ya Sikuzani haikuwa na nafasi ya kuwaua. Raheli aliwaua. Alimpiga makofi ya mgongo na ya shingo, na baadhi ya makofi yale, Sikuzani angeapa, hayakuwa na mbung'o yeyote.

Ikazimika tena. Plagi ilitoka nyeusi, imelowa, inanata.

"Hiyo si uliisafisha?" Raheli aliuliza kutoka chini alipolazwa.

"Niliisafisha."

"Basi hukuisafisha."

Sikuzani aliuandama ugonjwa wa injini kama baba yake alivyokuwa akifanya, akianzia nje kuingia ndani. Waya kwanza. Aliupangusa kwa pindo la kanga kuanzia kwenye plagi hadi unakoingilia, akautafuta ufa kwa kidole, hakuuona. Akafungua kifuniko cha platini, panapozaliwa cheche, akapitisha msasa katikati yake, akapuliza. Cheche ilikuwa nzuri tangu mwanzo, lakini aliisafisha hata hivyo, kwa kuwa mguu wa mtu hauruhusu kubahatisha. Kisha kabureta. Huenda maji ya mvua yameingia. Akafungua bakuli lake, akalimwaga, akalitazama kwenye mwanga: hakuna tone la maji. Akaosha plagi, akawasha, ikawaka, na moshi uliotoka nyuma ulikuwa wa buluu mzito kama wa tanuri la mkaa.

Walikwenda kipande kifupi kuliko cha kwanza. Ikazimika.

"Maji," Raheli akasema.

Kibuyu kilikuwa kikavu. Sikuzani aliona nyasi za kijani zaidi upande wa mashariki, akajua pana dimbwi. Alimwachia Raheli panga mkononi, akaenda. Dimbwi lilikuwapo, na ukingoni mwake, amefunikwa matope hadi kwenye pembe, alikuwa amesimama mbogo dume peke yake.

Wanaokaa mbugani wanajua kwamba kundi la mbogo ni afadhali kuliko mmoja. Huyu aliinua kichwa, akanusa. Sikuzani alichuchumaa pale pale, kibuyu kifuani, na hakupumua. Mbung'o alimtua shavuni akaanza kunyonya, akamwacha anyonye. Alimfikiria Raheli chini ya mti na panga lake, akafikiri kwamba akifa yeye hapa, yule kule hatajua kwa nini anangoja. Wazo hilo lilimtia hofu kuliko pembe. Mwishowe mbogo alipiga chafya, akageuka, akaingia kwenye matete. Sikuzani alichota maji mekundu haraka haraka, akarudi kinyumenyume hadi aliposhindwa kuona dimbwi.

Aliyachuja kwa kanga. Raheli aliyanywa yote, akajipangusa mdomo.

"Umechelewa," alisema.

"Nilikutana na mgeni."

"Mgeni gani?"

"Mwenye pembe."

Raheli alimtazama, akaona damu shavuni, akageuza uso. Uvimbe ulikuwa umefika chini kidogo ya goti.

Mara ile Sikuzani aliifungua plagi bila kusubiri ipoe. Ilimuunguza, ikamponyoka, ikagonga chuma, ikaruka kwenye tope la mapito ya ng'ombe ambalo kwato zilikuwa zimelikoroga kama uji. Alipiga magoti akapapasa. Tope lilikuwa la kina cha kiwiko. Aliokota jiwe, akaokota kipande cha pembe. Plagi ya akiba ilikuwa na ufa. Bila hii, Kilosa ilikuwa mbali sawasawa na Ulaya kwa Wazungu.

"Kulia zaidi," Raheli akasema.

"Umeiona?"

"Niliiona ilivyoruka. Kulia. Karibu na lile jani. Siyo hapo, wewe unakwenda shoto. Kulia kwako, mke wa kaka, mkono unaolia ugali."

Sikuzani alizamisha mkono wa ugali, akaikamata. Alikaa kitako kwenye tope akiishika kwa mikono miwili, akacheka kicheko kisicho na furaha yoyote. Kisha akaiosha kwa petroli mara mbili, akapuliza tope kwenye meno ya plagi, na wakati akiisugua aliitazama vizuri kwa mara ya kwanza bila haraka.

Unyevu ule haukuwa wa petroli. Petroli hukauka ukiipuliza. Huu ulikuwa mafuta mazito, meusi, yaliyoungua nusu. Injini ilikuwa inakunywa oili kupita kiasi, na plagi ilikuwa inazama ndani yake.

Oili ile ilitoka wapi? Palikuwa na njia mbili. Huenda muhuri wa ndani, ule mpira unaozuia oili ya gia isiingie kwenye injini, umepasuka, na injini inavuta oili ya gia kidogo kidogo. Ikiwa ni hivyo, dawa hakuna, na akizidi kuihangaisha atakausha gia pia. Au oili imezidi kwenye tangi. Lakini oili ya tangini aliitia mwenyewe asubuhi ile, kikombe kimoja, kwa mkono wake. Paulo wa stoo alimwambia, "Nimeshatia mafuta," naye akaongeza kikombe chake cha oili kama kawaida. Kikombe kimoja hakizamishi plagi.

"Wifi," alisema, "nyumba yako inatazamana na stoo. Jana kuna mtu aliigusa pikipiki hii?"

Raheli alikuwa akitazama mawingu.

"Mimi nitajuaje?"

"Nauliza tu. Kama uliona mtu."

"Nina kazi zangu, mimi. Silindi pikipiki."

Basi, Sikuzani akawaza, ni muhuri. Aliipunguza nafasi ya ncha ya plagi kwa kuigonga taratibu na spana, akafungua kichujio cha hewa akakitupa mkobani ili injini ivute upepo mwingi, akawasha. Aliamua kwamba kama ni kuisafisha kila kilima, ataisafisha kila kilima. Kama ni kusukuma, atasukuma. Hakuwa na mpango mwingine, na alishaacha kuutafuta.

Walisonga hivyo. Inawaka, inakohoa, inakufa, anashuka, anafungua, anasugua. Vidole vyake viwili vilichubuka hadi nyama. Kisha mawingu yakashuka yakafunika vilima vya kushoto, akawa hana dira. Alisimama katikati ya nyasi, injini imezimika, kila upande unafanana na mwenzake. Mbali kidogo simba alinguruma, mchana kweupe, sauti ya mnyama aliyeshiba au mwenye njaa, hakuna ajuaye.

"Upepo," Raheli alisema kwa sauti iliyoanza kulegea. "Asubuhi ulikuwa unatupiga shavu la kulia. Sasa unatupiga usoni. Umegeuka, mke wa kaka."

Alikuwa amesema kweli. Sikuzani aliigeuza pikipiki hadi upepo ukarudi shavu la kulia. Alipomtazama Raheli ili amshukuru, aliona uvimbe umepita goti. Paja lilikuwa limeanza kujaa, na kwenye wayo palikuwa na malengelenge yenye maji meusi. Raheli naye aliuona mguu wake. Alikuwa mwanamke mkali, mkubwa wa akina mama kanisani, hajawahi kuonekana akilia hata kwenye mazishi ya mama yake. Midomo ikaanza kumcheza.

"Sitaki kufa kwenye nyasi," alisema. "Naogopa, Sikuzani."

Hajawahi kumwita kwa jina lake hata siku moja.

"Hutakufa hapa. Nitaisafisha tena."

"Ukiisafisha itakufa tena." Raheli aliielekezea pikipiki kidole. "Jana jioni nilimwona kaka anaitia mafuta."

Spana ilitulia mkononi mwa Sikuzani. "Nikolaus? Alitia petroli?"

"Mafuta. Yale mazito, ya kwenye kopo la kijani. Alitia kikombe kizima. Alisema mkutano ulipitisha pikipiki isilale bila mafuta, na mwenyekiti lazima awe mfano."

"Na Paulo?"

"Paulo alikuwa ametia kabla yake. Alichanganya kwenye debe kabisa, akakoroga kwa mti, nikamwona. Kila mmoja akaenda zake akijua ametimiza azimio. Asubuhi ukaja wewe na kikombe chako."

Hebu fikiria. Mkutano mzima ulipiga makofi azimio lile lilipopita, na hakuna aliyenyoosha mkono kuuliza mafuta gani. Kwetu sisi mafuta ni ya taa, mafuta ni ya kupikia, mafuta ni ya kupaka mwilini, mafuta ni petroli, mafuta ni oili. Paulo aliposema ametia mafuta alimaanisha petroli na oili yake. Sikuzani alisikia petroli peke yake. Mwenyekiti alisikia kopo la kijani. Pikipiki ya watu wote ilikuwa imetunzwa na watu wote, na sasa ilikuwa inawaua wawili.

Sikuzani aliinuka. Hasira zilimpanda hadi akaona nyasi zinatikisika. Akatembea hatua chache, akarudi.

"Vidole vyangu vimeungua," alisema. "Nimechuchumaa mbele ya mbogo. Nimekuuliza. Nimekuuliza, Raheli, ukaniambia hulindi pikipiki."

"Ni kaka yangu."

"Ni mume wangu!"

"Ndiyo maana. Ningekwambia, ungepata la kumsema miaka yote. Ungekuwa na haki wewe, tukose sisi. Nikaona bora nivumilie, itafika tu." Machozi yalikuwa yanamtoka sasa, hakuyafuta. "Haikufika."

Simba alinguruma tena. Sikuzani alichutama mbele yake ili waonane macho kwa macho.

"Nisikilize. Galoni ile ina petroli tupu. Nikimwaga sehemu kubwa ya hii iliyomo tangini na kutia ile, oili itapungua, plagi itapona. Lakini ikiwa umeota haya kwa homa, ikiwa kaka yako hakutia kitu na kasoro ni ya ndani, oili itakayobaki haitatosha, na injini itaganda. Hatutaondoka hapa tena, mimi na wewe. Uliona kweli?"

"Niliona."

"Kikombe kizima?"

"Kizima. Haki ya Mungu. Alifuta mikono kwenye suruali, nikawaza atakayeifua ni wewe, nikafurahi."

Ni hilo la mwisho lililomfanya Sikuzani amwamini. Mtu mwenye homa anaweza kuota kopo na kikombe, lakini kufurahia dhiki ya wifi yake namna ile, hiyo ilikuwa Raheli mwenyewe, akili zake zote zipo.

Alichomoa mpira wa petroli kwenye kabureta. Petroli ya kijiji ikamwagika chini, nene, ya rangi ya chai ya rangi, na kila tone lilimuuma kwa sababu alijua jinsi ilivyopatikana. Aliacha ya chini kidogo. Akaimimina galoni yote. Akaitikisa pikipiki huku na huku ichanganyike, akafungua bakuli la kabureta akalimwaga, akaosha plagi kwa mara nyingine na kuikausha mbali na ile petroli, juu ya moto wa njiti ya kiberiti hadi ikaacha kutoa moshi. Akamfunga Raheli mgongoni. Safari hii Raheli alimshika kwa mikono yote miwili, akaegemeza kichwa begani.

Kiki ya kwanza ilikataa. Ya pili ikatoa moshi. Ya tatu ikawaka, na mlio ulikuwa mwingine kabisa, mkavu, wa haraka, mlio alioukumbuka Kimamba. Moshi wa nyuma ukawa mwembamba, kisha ukaacha kuonekana. Sikuzani aliusikiliza mlio ule kwa mwili mzima akingoja usagike. Haukusagika.

Waliipita mbuga. Vilima vikajitokeza tena mkono wa kushoto, na chini yake paa za bati za mbali. Kati yao na paa zile palikuwa na korongo lililojaa maji yaendayo kasi, na ukingo wa huku alisimama mfugaji mzee wa Kimasai na ng'ombe wake, akingoja.

Sikuzani aliizima pikipiki. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Huyo amekufa?"

"Sijafa," Raheli akasema begani kwa Sikuzani.

Mzee aliitwa Sankale. Aliusogelea mguu, akautazama, akatema mate pembeni. "Kifutu," alisema. "Mnakwenda hospitali. Maji haya yanafika kifuani kwa mtu. Chuma chako kitakunywa."

"Kina namna ya kuzibwa mdomo," Sikuzani alisema.

Alifungua plagi, akaifunga kwenye kitambaa cha kichwa chake na kukifunga tena kichwani. Tundu la plagi akalipachika gunzi lililokuwa kizibo cha kibuyu, akalifungia tambara. Bomba la moshi na mdomo wa kabureta akaviziba kwa nusu ya kanga. Sankale aliwaswaga ng'ombe kwanza, akawatazama wanapokanyaga na wanapoogelea, akamwonyesha Sikuzani kwa fimbo penye mchanga mgumu. Kisha akambeba Raheli mabegani kama ndama mgonjwa, akaingia. Sikuzani alishika usukani akasukuma. Maji yalimpiga kiunoni, yakampiga mbavuni, yakainua tairi la nyuma na kutaka kumnyang'anya pikipiki yote. Aliifuata ilivyokwenda, akapata mchanga, akasukuma kwa kifua. Walipotoka ng'ambo alikuwa akitapika maji.

Alizibua, akapiga kiki tundu likiwa wazi ili maji yaliyopenya yatoke, akairudisha plagi ikiwa na joto la kichwa chake. Ikawaka kwa kiki ya kwanza. Sankale aliwaonyesha njia kwa mkono tu, akarudi majini kumfuata ndama aliyebaki nyuma.

Waliingia Kilosa jua likizama nyuma ya milima, uvimbe ukiwa umefika katikati ya paja. Wauguzi wawili walimfungua Raheli kanga, na Sikuzani alipojaribu kushuka miguu ilikataa, akabaki amekaa juu ya pikipiki inayonguruma hadi mtu mmoja akaja akaizima. Daktari alisema wangechelewa hadi kesho yake asingekuwa na la kufanya. Raheli alichomwa sindano, akapigania uhai wake siku nyingi, akapona. Vidole viwili vya mguu vilikatwa.

Waliporudi kijijini walikuta mkutano umeitishwa. Maneno yalikuwa yameenea kwamba mke wa mwenyekiti alimwaga petroli ya wananchi mbugani, na watu walikuwa na hasira, kwa kuwa petroli ilikuwa adimu mwaka ule kuliko chumvi. Wengine walitamka neno hujuma. Sikuzani alikaa upande wa wanawake, peke yake kwenye mkeka, mikono imefungwa vitambaa. Alikuwa hajamweleza yeyote kisa cha oili, hata mumewe. Nikolaus alisimama mbele akauliza kwa sauti ya uenyekiti kama mhusika ana la kujitetea.

Raheli alikuwa amekaa mbele, kwenye kiti alichowekewa karibu na kaka yake. Alijiinua kwa fimbo kabla Sikuzani hajafungua kinywa.

"Nilimwambia mimi aimwage," alisema. "Paulo ulitia mafuta. Wewe, kaka, ukatia mafuta, kikombe kizima, mimi nakuona. Asubuhi na huyu naye akatia. Mimi nilijua, nikanyamaza mbuga nzima nikikufichia aibu, mpaka nikaona kifo kwa macho yangu. Anayetaka petroli yake aje aniombe mimi."

Nikolaus akasema ni kweli, alitia.

Raheli hakukirudia kiti chake. Alichechemea akipita katikati ya watu, polepole, hadi upande wa wanawake.

"Sogea kidogo, wifi," alisema. "Mguu unauma."

Sikuzani akasogea, naye akakaa.